Duara la Tarehe Ishirini na Mbili

Kwa miezi mitano Maren Tollefsrud na mama yake walikuwa na mazungumzo ya maneno mawili tu. Kila tarehe ishirini na mbili, asubuhi, kabla Maren hajamaliza kufunga kamba za viatu, simu ilitikisika na ndani yake mlikuwa na neno moja kutoka kwa mama: "Leo." Maren alifungua programu ya benki, akalipa yote aliyotumia kwenye kadi mwezi ule, yote, mpaka senti, kisha akajibu: "Tayari." Basi, imeisha. Hakuna kuulizana umeamkaje, hakuna vipicha vya mioyo. Watu wa kaskazini ya Minnesota ndivyo walivyoumbwa. Mimi nimekaa nao miaka, na mtu wa kule akikwambia chakula chako "si kibaya," jua amekipenda kweli kweli.

Mama mwenyewe, Lorna, alikaa miaka ishirini na sita nyuma ya dirisha la chama cha akiba na mikopo katika mji wao mdogo wa Norrby. Kadi za mkopo alizijua kama mpishi anavyolijua jiko lake. Maren alipoanza mwaka wa pili wa chuo kule Duluth na barua za benki zikaanza kumwagika, mama alimkalisha kwenye meza ya jikoni, barua tatu mbele yao.

"Hii inatoa maili za ndege," Maren alisema.

"Unaruka kwenda wapi?"

"Siku moja, mama."

"Siku hiyo ikifika utaniambia. Dola tisini na tano kila mwaka, upate kiti karibu na choo. Weka kando."

"Hii haina riba miezi sita."

"Na mwezi wa saba?"

Maren alisoma yale maandishi madogo ya chini.

"Umeona wanapojificha," mama alisema, na barua ile ikaenda kuwashia jiko la kuni. Iliyobaki ilikuwa kadi kavu isiyo na mbwembwe: haina ada ya mwaka, kikomo dola mia tano, na mama akatia sahihi kama mdhamini, kwa sababu Maren alikuwa hajafika miaka ishirini na moja. Kisha mama akaipigia benki simu na kuwaomba wasogeze tarehe ya mwisho ya kulipa iwe ishirini na mbili, wiki moja baada ya Maren kupata mshahara wake wa maktaba. Maren hakujua hata kama kitu hicho kinaombwa. Mama akampa masharti. Mafuta ya gari na vitabu, vingine taslimu. Usilipe kile kiasi cha chini wanachokuandikia, hicho ni chambo. Na usiiache ijilipe yenyewe, kwa sababu kinachojilipa chenyewe hukitazami tena. "Tarehe nitakukumbusha mimi," alisema. Akainuka, akaenda kwenye kalenda ya kanisa iliyoning'inia pembeni ya friji, akachora duara.

Alikumbusha Septemba, Oktoba, Novemba na Desemba. Januari alikuwa amelazwa, saratani ya kongosho imemla mpaka amebaki mikono na macho, na asubuhi ya tarehe ishirini na mbili neno lilifika vilevile kutoka ghorofa ya tano ya hospitali: "Leo." Maren alikuwa amekaa kando ya kitanda chake, hatua mbili. Akajibu kwa simu.

Lorna alifariki tarehe tisa Februari. Ibada ikafanywa, kahawa ikanywewa chini ya kanisa, mikate ya nyama ya nguruwe ikaliwa, watu wakasema alikuwa mtu wa kutegemewa. Kuzika bado. Ardhi ya mwezi ule imeganda kwa baridi, ni jiwe, na jeneza liliwekwa kwenye chumba cha makaburini lisubiri Mei. Siku ya nne Maren alirudi chuoni. Baba yake, Verlyn, dereva wa gari la kusukuma theluji la wilaya, alisimama uani, mikono mfukoni, akamwambia, "Endesha polepole." Na yeye akasema, "Sawa, baba."

Tarehe ishirini na mbili Februari simu haikutikisika. Maren aliitazama asubuhi ile mpaka uji wake ukaganda. Kisha akaenda kazini.

Hakulipa. Na nisikufiche, pesa ilikuwepo. Deni lilikuwa dola sitini na moja, na akiba yake ilikuwa na zaidi ya mara kumi ya hizo. Moyo tu ndio uliokufa ganzi. Alihudhuria vipindi, aliandika alichoambiwa, alirudisha vitabu kwenye rafu kwa namba zake bila kukosea hata kimoja. Alikula nafaka kavu za boksi akiwa amesimama. Benki ilipoanza kutuma ujumbe aliufuta, na faini ya kuchelewa ilipoingia aliisoma kama mtu anayesoma hali ya hewa ya nchi nyingine. Hakulia hata siku moja. Hilo lilimshangaza kidogo, kisha halikumshangaza tena.

Aliyeshtuka ni Odalys, msichana aliyekaa naye chumba kimoja. Odalys Quintero alitoka Saint Paul, alikuwa na mdomo usiolala na kadi moja ya duka la nguo aliyoichukua kwenye kaunta ya kulipia kwa sababu ya punguzo la siku hiyo. Riba asilimia ishirini na tisa. Koti lililompa punguzo lilikuwa limeshachanika kwapa, na yeye alikuwa bado analilipa.

Wawili hao walikuwa wamepata nyumba ya kupanga kwa mwaka unaofuata, vyumba viwili juu ya duka la kushona viatu. Mama mwenye nyumba, Bi. Hruska, hakutaka mengi: angalau mmoja wenu awe na rekodi safi ya mikopo, na nitaitazama mwisho wa Machi. Ya Odalys ilikuwa imechafuka. Walimtegemea Maren. Mabweni yalikuwa yameshajaa majina, na ukiikosa nyumba ile, ulikuwa umekosa mahali pa kulala, na bila mahali pa kulala Maren angerudi Norrby. Alikuwa ameshaanza kuwaza kwamba kurudi si kitu. Kwamba chuo chenyewe si kitu.

Ijumaa tarehe ishirini na moja Machi Odalys aliiona karatasi ya benki chini ya kitanda.

"Shosti, hii nini?"

"Bili."

"Najua kusoma. Siku ishirini na saba. Wewe? Wewe unayenipigia kelele nikinunua kahawa?"

Maren alivuta blanketi mpaka magotini.

"Hebu nisikilize. Ikifika siku thelathini wanakupeleka kwenye rekodi, na ukishaingia humo ni miaka saba. Mimi ndiye nakwambia, mimi niliyeungua. Jumatatu ni siku ya thelathini. Pesa unazo?"

"Ninazo."

"Sasa?"

"Sijui."

"Hujui nini? Bonyeza tu, mama. Kidole kimoja."

Maren alitazama ukuta. Alisema, bila sauti yoyote ndani ya sauti yake, "Hajaniambia."

Odalys aliiweka ile karatasi chini. Kisha, kwa huruma tu, akachukua simu yake na kuandika, na simu ya Maren ikatikisika juu ya blanketi. Lilikuwa neno lile, kutoka kwa Odalys.

"Usiandike hilo tena," Maren alisema.

"Nilitaka tu..."

"Najua ulitaka nini. Usiliandike."

Odalys akasema samahani, na akaisema vizuri. Lakini hakutoka. Alikaa sakafuni, mgongo kwenye mlango, kama askari wa zamu. Maren akaona ni rahisi zaidi kujaribu kuliko kumtazama pale, akafungua programu ya benki. Nenosiri lilikataa. Akajaribu la pili, la tatu, na programu ikajifunga. Ikamwambia kwamba namba za kufungulia zitatumwa kwenye simu ya mdhamini, inayoishia na arobaini na saba.

"Hiyo ya nani?" Odalys aliuliza, na akaona uso wa mwenzake, akajijibu mwenyewe. "Basi wapigie benki."

Akawapigia. Kijana mwenye sauti nzuri alimwambia kwamba ili kufungua akaunti angependa kuongea kidogo na mdhamini. Lorna yupo?

"Hayupo kwa sasa," Maren alisema.

"Hakuna shida. Atarudi saa ngapi?"

Sasa hapo mtu mwingine angesema. Angesema tu, amekufa, na kijana yule angempa pole na kuchukua malipo kwa njia nyingine, mambo yakaisha. Maren alikuwa mtu wa kwao. Kumtia mtu usiyemjua katika msiba wako ni kama kumwomba akubebee mizigo. "Sijui," alisema. "Asante kwa msaada wako." Akakata.

Simu ya mama ilikuwa Norrby, nyumbani, na baba. Alimpigia baba jioni ile, ikaita mpaka ikachoka. Theluji ilikuwa imeanguka na Verlyn alikuwa barabarani, na akiwa ndani ya lile gari hapokei hata kama ni malaika anapiga. Kumwachia ujumbe wa sauti, kumwambia baba washa simu ya mama, hilo Maren hakuliweza.

"Nitaenda kesho," alisema.

"Saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, kwa ajili ya dola sitini na moja."

"Ndiyo."

"Nikusindikize?"

"Hapana, asante."

"Kweli?"

"Hapana, kweli." Odalys alikuwa ameshajifunza kwamba kule kaskazini hapana ya tatu ndiyo hapana, lakini hii ya pili aliiheshimu.

Jumamosi Maren aliendesha lile gari la zamani la mama. Barabara ilikuwa safi, theluji imesukumwa vizuri, huenda na baba yake mwenyewe. Redio ilisema kitu kuhusu bei ya mbao. Alipofika, saa kumi na moja jioni, gari la baba lilikuwa uani na moshi ulikuwa unatoka kwenye bomba la jiko. Alivua viatu mlangoni, akaingia jikoni, na kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa meza.

Meza ilikuwa imeandaliwa kwa watu wawili. Sahani za rangi ya maziwa, zile za sikukuu. Vikombe viwili. Chumba kizima kilinukia nyama ya kusaga na supu ya uyoga ya kopo, kile chakula cha bakuli kubwa kinachofunikwa viazi juu na kutiwa kwenye oveni, ambacho mama alikipika kila mtu wa nyumbani aliporudi kutoka mbali.

Akajiambia baba ana mgeni. Akajiambia mwanamke. Ilimjia hivyo hivyo, bila hasira, kama habari.

Verlyn alitokea stoo na chupa ya maziwa. Alikuwa amenyoa ndevu. Alimtazama binti yake, akaweka maziwa mezani.

"Umefika," alisema.

"Unamsubiri mtu, baba?"

"Wewe."

"Sikusema nakuja."

"Hapana. Lakini mama yako ameandika." Akaelekeza kidevu kwenye friji.

Kalenda ya kanisa ilikuwa pale, ya mwaka huu, imefunguliwa Machi. Tarehe ishirini na mbili ilikuwa na duara la wino wa buluu, na ndani yake, kwa ile hati ya watu wa benki, iliyosimama wima: Maren.

Maren alisogea. Alifunua ukurasa wa Aprili, kisha Mei, kisha Juni. Kila mwezi duara, kila duara jina lake, mpaka Desemba. Mama alikuwa ameyachora yote siku moja, pengine mwanzoni mwa Januari, kabla ya hospitali.

"Kalenda ilikuwa ya mama yako," Verlyn alisema nyuma yake. "Mimi sikuwa na kazi nayo. Baada ya ibada ndiyo nikaitazama, nikaona mlikuwa mmepanga. Nikasema vizuri. Kila mwezi mara moja, si vibaya."

Maren aliurudisha ukurasa wa Machi. Kisha akafunua nyuma, Februari. Duara.

"Na mwezi uliopita?" aliuliza, ingawa alikuwa ameshajua.

"Nilipika."

"Ulipika."

"Kilitoka kikavu kidogo. Nilikila Jumapili. Jumatatu pia." Alifikiri. "Na Jumanne."

"Kwa nini hukunipigia simu, baba?"

"Nilidhani una kazi nyingi. Sikutaka kukusumbua."

Hebu niambie. Mtu mzima na akili zake, kaandaa sahani mbili, kakaa mpaka viazi vimekuwa mawe, simu iko ukutani hatua tatu, na hapigi. Anakula peke yake siku tatu, kisha anasubiri mwezi mzima na kupika tena. Na binti yake siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, kakaa Duluth anaitazama simu isiyotikisika, naye hapigi. Nimewaambia watu wa kule mara nyingi kwamba heshima yao itawaua, wananijibu kwamba huenda nasema kweli.

Uchungu ulimshika Maren hapo. Kwa mara ya kwanza tangu Februari alihisi miguu yake juu ya sakafu, na sakafu ilikuwa baridi. Hakulia bado. Alishika mgongo wa kiti.

"Baba, nina shida ndogo na benki. Nahitaji simu ya mama."

Alitegemea aitafute kwenye droo, au aseme ameshaifunga. Verlyn alinyoosha mkono tu nyuma ya kibaniko cha mkate. Simu ilikuwa pale, imechomekwa kwenye umeme, imejaa.

"Huwa naichaji Jumapili," alisema.

Wakakaa kwenye meza ile ile ya barua tatu. Maren akaomba namba za kufungulia. Simu ya mama ikatikisika mkononi mwa baba, na Verlyn akavaa miwani, akazisoma moja moja kwa sauti ya mtu anayesoma Biblia kanisani, "Nne. Sifuri. Sifuri. Tisa. Mbili. Sita." Akaunti ikafunguka. Deni, faini, riba ya mwezi, na mafuta kidogo ya gari aliyotia Machi. Maren alilipa yote, mpaka senti. Siku ya ishirini na nane. Rekodi ilikuwa imepona kwa siku mbili.

Na kidole chake, kwa mazoea tu, wala si kwa kufikiri, kikaenda kwenye ujumbe na kuandika neno lile na kulituma kule lilikozoea kwenda.

Simu ikatikisika mkononi mwa baba. Verlyn akasoma.

"Tayari," alisema. Akageuka kwenye kiti, akainama, akachungulia kioo cha oveni. "Bado. Dakika kumi."

Maren alicheka. Lilikuwa jambo la kijinga na alicheka mpaka kicheko kikageuka katikati, kikawa kile kitu kingine kilichokuwa kimechelewa wiki sita. Aliweka kichwa mezani, kati ya sahani mbili za sikukuu, akalia kwa sauti. Verlyn hakujua afanye nini na mikono yake. Mwishowe mmoja aliuweka juu ya kichwa cha binti yake na kuuacha hapo, mzito, mpaka kengele ya oveni ilipolia.

Walipokwisha kula, Maren alifungua simu tena. Chini ya ukurasa benki ilikuwa bado inamuuliza lile swali ililomuuliza kila mwezi na yeye kila mwezi kulikataa kwa amri ya mama: ungependa tulipe deni lako lote kila tarehe ishirini na mbili, bila wewe kufanya chochote? Alilitazama muda. Mama angekunja uso. Lakini mwenye kukumbusha hayupo, na atakayeitazama karatasi ya benki kila mwezi ni yeye mwenyewe, hilo aliliapia moyoni. Akabonyeza ndiyo. Tarehe ishirini na mbili haikuwa na kazi tena.

Verlyn alikuwa amesimama mbele ya friji, kalenda imefunuliwa Aprili.

"Ishirini na mbili ijayo ni Jumanne," alisema. "Una vipindi."

Hapo Maren angeweza kumwambia. Duara lile si la chakula, baba, ni la kadi. Hatukuwa tumepanga kitu. Maneno yalikuwa pale mdomoni, mafupi, ya kweli.

"Vinaisha saa nane," alisema. "Nitakuja."

"Isiwe usumbufu."

"Si usumbufu."

"Maana kama una kazi..."

"Baba. Nitakuja."

Verlyn akatikisa kichwa kukubali. Akachukua penseli yake bapa ya useremala juu ya friji. "Ungependa nipike nini?"

"Hiki hiki."

Akaegemea, akaandika polepole chini ya duara la buluu, kwa herufi zake kubwa zilizopinda, *hiki hiki*, akarudisha penseli mahali pake.